Bado, Enda, na Neno la Tatu

Kabla ya amri mpya, minibasi ya baba yangu iliendeshwa na watu wawili. Nasema hivi kwa usahihi wote nilio nao. Baba alishika usukani, uliokuwa upande wa kulia kama magari yote yaliyotufikia kupitia bandari ya Dar es Salaam. Na kwa kuwa kwetu Kolwezi magari hushika upande wa kulia wa barabara, aliona vizuri mtaro na mbuzi wa watu, ila hakuona kilichokuwa kikija mbele pale alipotaka kulipita lori. Aliyeona ni mama, katika kiti cha kushoto. Mama hajawahi kuendesha hata toroli. Akisema "Bado," baba alisubiri, akisema "Enda!" baba alikwenda. Kutoka Kolwezi hadi Lubudi waliweza kumaliza safari nzima bila neno la tatu, kisha wakafika wakisifu mazungumzo yalivyokuwa matamu.

Amri ya serikali ikasema: kila minibasi ya abiria ihamishiwe usukani kushoto na mlango kulia, kabla karatasi ya njia haijaisha muda. Tulikuwa na minibasi nne, nami ndiye mtunza makaratasi yake, kazi inayomfaa mtu aliyelelewa katika sarufi ya Kiarabu, ambako irabu moja ikikosewa mtenda hugeuka mtendwa. Nikapanga zamu: moja kwa fundi wa mtaa wa Manika, tatu njiani. Lakini ya kwanza ikikataliwa kwenye ukaguzi, hizo nyingine zingebaki uani na njia ya Lubudi wangepewa wengine. Na ya kwanza ilipaswa kuendeshwa na dereva wake aliyeandikishwa, yaani baba.

Baba alifanya mazoezi kwa siku sita. Kila alipotafuta gia, mkono wake wa kushoto uligonga mlango. Kila alipotaka kuwasha taa ya kona, aliwasha vifuta vikapangusa kioo kikavu. Abiria nao walijipanga upande wa kushoto, wakabisha hodi kwenye bati lililochomelewa palipokuwa na mlango.

Siku ya ukaguzi, mama alipanda bila kualikwa. Mkaguzi akapinga.

"Shefu," mama akamwambia, "mi iko mu hii motokari mbele ya weye kuota meno."

"Basi ingia, mama, ukae nyuma na batu yako. Lakini kimya! Mutu hapana kusema na shofere."

Tukashika barabara ya Nzilo, mkaguzi mbele upande wa kulia, mimi na mama nyuma. Hatujafika mbali tukamkuta mtu juu ya baiskeli, amefunga nyuma yake godoro zima, akipanda mlima kwa mwendo wa kinyonga. Mbele yake barabara ilikuwa tupu. Baba akapunguza mwendo, akalifuata godoro. Tukalifuata, tukalifuata. Malori yakajipanga nyuma yetu yakipiga honi. Mwenye godoro aligeuka, akauona msafara wake, akatupungia mkono kwa heshima zote za mkuu wa nchi. Mama alijaza kitenge mdomoni kuzuia kicheko.

"Tata, hauone njia?" mkaguzi akamuuliza baba.

"Minaona, shefu. Iko wazi kabisa."

"Sasa unangoya nini?"

"Nangoya bibi yangu aseme."

"Bibi yako iko nyuma, haone kitu!"

"Na weye ndiye ulimukataza kusema."

Mkaguzi aliitazama saa yake, akalitazama godoro, kisha akageuka nyuma. "Mama. Sema."

Mama akatoa kitenge mdomoni. "Bado. Omba muzuri kwanza."

Hapo mkaguzi akaangua kicheko, kofia ikamwanguka. Baba akacheka, nami nikacheka mpaka karatasi zikanitoka mikononi. "Enda!" tulipaza sauti sote watatu, mama, mkaguzi na mimi, na minibasi ikalipita godoro kwa shangwe, vifuta kioo vikicheza kwa nguvu zote mbele ya mbingu isiyo na wingu.

Lakini mkaguzi alikuwa mtu wa kazi. Njiani kurudi aliweka sharti: baba apite lori moja peke yake, bila sauti ya mtu. Lori likapatikana. Katika kioo niliiona midomo ya baba ikitamka kimyakimya: bado, bado, bado. Mama alikuwa amefumba macho. Kisha midomo ikatamka lile jingine, tukapita kwa nafasi tele, safari hii taa ya kona ikiwaka. Mkaguzi akatia sahihi.

Mama hakucheka tena mpaka nyumbani. "Sasa mi ni muzigo tu," alisema getini.

Ila safari ya kwanza ya Lubudi, baba alikifuta kiti cha kulia kwa leso yake mwenyewe, akamngoja mama apande. Tulipolikaribia lori, alichungulia mwenyewe, akapita mwenyewe, kisha akauliza:

"Huko kwako namna gani?"

Mama alikuwa ameelekeza uso mtaroni, upande ambao kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuuona.

"Mbuzi," alisema.

"Ngapi?"

"Tatu. Na moja inakuchekelea."

Wakaendelea hivyo mpaka Lubudi.