Kitambaa cha Akiba

Fundi wa makoti wa chuo chetu cha udaktari hakupimi kwa futi. Anakutazama mabega tu, basi. Kila koti huliachia kitambaa cha akiba ndani ya mshono. "Mtanenepa mkianza kazi," hututania, pini mdomoni. Na kweli, kila siku ya wahitimu wa zamani tunamrudia na vitambi vyetu atupanulie, tukicheka. Mwaka huu alikuja binti wa mwaka wa kwanza na koti la mama yake, mwenzetu aliyeambukizwa ugonjwa wodini akafa kabla hatujamaliza hata mwaka kazini. Lilimbana. Fundi akafumua mshono. Koti lilikuwa limegeuka manjano kwa kukaa sandukuni, lakini kile kitambaa cha ndani kilikuwa cheupe pe. Akatoa pini mdomoni, moja moja. "Mwanangu," akasema, "hiki nilimwachia mama yako anenepe."