Maji ya Pikapu

Baba alikuwa na pikapu ya zamani, ya kabureta, na jirani zetu wote pale Uthiru walijua haipendi foleni ya mchana. Jua likiwaka na gari likikaa palepale, petroli ilichemka ndani ya paipu kabla ya kufika kwa kabureta, ikageuka mvuke, na pampu ikabaki kuvuta hewa tupu. Injini inakohoa mara mbili, inazima. Hapo hata upige stata mpaka betri ife, huendi popote.

Dawa yake ilikuwa mama. Nasema hivyo bila mzaha. Alikaa kiti cha abiria na jagi la maji katikati ya miguu, kitambaa begani. Gari likizima, baba anafungua boneti, mama analowesha kitambaa, anakikamua, anakizungushia pampu na kile kipande cha paipu kilicho karibu nayo. Hamwagi maji ovyo, maana chuma chenye moto kikimwagiwa maji baridi chaweza kupasuka. Wanangoja. Akigusa paipu akaona imepoa, anasema, "Washa." Likishawaka, baba hathubutu kuondoa mguu kwenye mafuta. Kwa hiyo mama ndiye aliyefunga boneti na kupanda wa mwisho, taratibu, hana habari na honi za watu, na baba akimngoja huku injini inanguruma.

Fundi aliwaambia wasogeze paipu mbali na ekzosi. Wakasogeza. Baba akaongeza vibanio vya nguo, vile vya mbao, akavipanga juu ya paipu eti vinapunguza joto. Mama alinung'unika kwamba nguo zake zinaanguka matopeni kwa sababu ya gari. Lakini kila aliponunua vibanio vipya, vingine alivipeleka kwa boneti mwenyewe.

Alipougua, alituomba jambo moja: akifa, asirudishwe nyumbani na gari la mtu asiyemjua. Aletwe na pikapu. Tukamwahidi. Alipofariki, kaka yangu akasema hayo ni maneno ya mgonjwa tu, tukodi gari la maiti kama watu wengine. Nilimwambia anyamaze. Ahadi ni deni, na mama hakuwa amewahi kutuomba kitu.

Basi siku ya mazishi tulimchukua mochari mjini, tukalifunga jeneza nyuma kwa kamba, maua juu. Baba alikuwa ameiosha pikapu tangu alfajiri, akajaza tangi, akabadilisha vibanio vyote. Alikumbuka kila kitu isipokuwa maji. Hakuna aliyekumbuka maji. Mwenye kuyabeba ndiye tuliyekuwa tumembeba.

Foleni ya Waiyaki Way ilikuwa imesimama. Tulijikokota kutoka Westlands, jua la utosi, mimi nimekaa kwenye kiti cha mama nikiusikiliza mlio wa injini. Karibu na kona ya Loresho injini ikakohoa mara mbili, ikazima.

Kaka alishuka kwenye gari lake nyuma yetu, akaja dirishani. "Si nilisema? Pasta anangoja, watu wanangoja, na nyinyi bado mnacheza na hiki chuma."

Nilitamani kumzaba kofi palepale, mbele ya jeneza. Baba alishuka. Alifungua boneti, akasimama akiitazama pampu, mikono imening'inia. Nilimjua kama mtu wa kufoka injini inapozima. Hasira zikaniisha, nikabaki na uchungu mtupu.

Nilinunua maji kwa mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza chupa katikati ya magari. Nikafungua leso kiunoni, leso ya mama, nikailowesha, nikaikamua. Ilikuwa kubwa, sikuweza kuizungusha peke yangu. Kaka akaja, akashika upande wa pili, tukaifunga pamoja. Alikuwa analia, na mimi pia. Tukangoja. Nilipogusa paipu nikaona imepoa, nikasema, "Washa, Baba."

Ikawaka. Kaka akarudi kwa gari lake. Nikafunga boneti, nikapanda. Mbele yetu barabara ilikuwa imefunguka, na nyuma honi zimeanza.

Baba hakuondoka. Mguu ulikuwa kwenye mafuta, injini inanguruma, macho yako kwenye kioo cha pembeni.

"Baba, twende."

"Ngoja kidogo," akasema. "Mama yako hajapanda."

Nilimshika mkono ulio kwenye gia.

"Amepanda, Baba. Ako nyuma."

Alitazama kioo mara moja tena. Kisha akaingiza gia.