Mikono ya Kukamulia

Ilikuwa saa kumi na mbili kamili asubuhi, kengele ya kigango ikigonga kule kilimani, kitu kilipopumua majini nyuma ya mgongo wangu. Haaa. Haikuwa sauti ya mnyama. Ilikuwa pumzi ya mtu mzima anayetua mzigo. Hadi leo, mwanamke akitua ndoo ya maji karibu nami na kushusha pumzi namna ile, nywele za shingoni zinanisimama, nami hugeuka kutazama kama nyuma yangu kuna ziwa.

Nilikuwa darasa la tano, katikati ya miaka ya themanini. Nilikuwa nimeketi katikati ya mtumbwi wa gogo, miguu imezama katika maji yaliyovuja, nimeshika kopo la mafuta ya kupikia la kuyachotea. Mbele alisimama jirani yetu Nestori, na ndoana yake. Nyuma alisimama Tata, baba yangu, ameushika upondo wa kusukumia mtumbwi kama mtu aliyeshikishwa nyoka.

"Huyo," Nestori alinong'ona. "Konso, usigeuke."

Ninyi mnaosoma mtashangaa mtu mzima kama Tata alikuwa anaogopa nini. Sisi tulikuwa watu wa ng'ombe. Nyumbani kwetu, upande wa Rugera, samaki hakuliwa, hakuingizwa, na jina lake halikutamkwa karibu na zizi. Aliyemla samaki, au aliyemshika tu, hakugusa chombo cha maziwa wala kuingia zizini mpaka siku nne zipite. Akikiuka, kiwele kitavimba, maziwa yatageuka damu, na ng'ombe atakufa. Hatukuambiwa haya kama hadithi ya jioni. Tuliambiwa kama watoto wa leo wanavyoambiwa wasishike waya wa umeme. Tulikuwa Wakristo, kanisani tulikwenda kila Jumapili, na tulijua kwamba padri hula samaki siku ya Ijumaa. Bibi alikuwa na jibu lake: padri hana ng'ombe.

Mwaka uliotangulia maradhi yalikuwa yamepita zizini kama moto wa kiangazi. Alibaki Kihogo, ng'ombe mmoja mwekundu mwenye pembe ndefu, na ndama wake jike. Mama alikuwa ameugua homa kali na maziwa yake yakakauka, kwa hiyo mdogo wangu Deo, ambaye hata mwaka hakuwa ametimiza, aliishi kwa maziwa ya Kihogo. Na ng'ombe wetu wa asili hawakuwa kama hawa wa kisasa. Bila ndama kunyonya kwanza, hashushi maziwa. Ndama akifa, kiwele kinafunga.

Ndama akaugua. Tezi za chini ya masikio zilivimba zikawa kama viazi, akaanza kukohoa, akaacha kunyonya vizuri. Nyumbani tuliuita ugonjwa huo amakebe. Tata alizichoma zile tezi kwa chuma cha moto, kama alivyofanya baba yake, na nakumbuka harufu ya nywele zilizoungua iliyobaki uani mpaka usiku. Haikusaidia. Bwana mifugo alikuja kwa baiskeli, akasema ni ndigana kali, kuna sindano, lakini yeye mwenyewe anainunua kwa mtu na mtu huyo hakopeshi. Kisha akamtazama ndama na kusema tusichelewe. Tata alizunguka kijiji kizima. Ulikuwa msimu ambao kahawa bado iko mtini, na fedha haikuwa mfukoni mwa mtu yeyote.

Ndipo Nestori akaja kusimama kwenye uzio wetu. Wazazi wake walitoka Burundi. Yeye alikuja kwetu kama kibarua wa kulima migomba, akapata kishamba chake ng'ambo ya bonde, juu ya ziwa. Kidole gumba cha mkono wake wa kushoto kiliishia katikati. Sisi watoto tulijua kilipokwenda: kamongo alikikata. Kamongo ni samaki mrefu kama nyoka mnene, hukaa kwenye mafunjo akiwa ametulia kama gogo, na kikimpitia chochote anakivunja. Walisema pia kwamba ile pumzi yake ni ya watu waliozama, anawapumulia.

"Baba Konso," Nestori alisema, "pesa yako imelala kwenye mafunjo, inanenepa."

"Usilitaje jina hilo hapa. Ndama anasikia."

"Sijalitaja. Nimesema pesa."

Tata hakucheka. Nestori akaeleza. Alikuwa amemwona mkubwa, mkubwa kweli, lakini mtumbwi unahitaji msukumaji mwenye nguvu na mtu wa kuchota maji, na kijana wake amelala na malaria. Atakayekamatwa kwanza atauzwa kwa ajili ya sindano ya ndama, wa pili atakuwa wa Nestori mwenyewe.

"Simshiki," Tata alisema.

"Nani amekuomba umshike? Wewe simama huko nyuma na mikono yako ya maziwa."

Ndivyo tulivyofika pale alfajiri ile. Niliogopa kwa namna ambayo sijaogopa tena. Niliogopa maji yaliyokuwa meusi kama chai iliyochemka mno. Niliogopa viboko, ambao njia zao tulizipita kwenye matope. Zaidi ya yote nilimwogopa yule aliyepumua, kwa kuwa sasa nilijua yupo nyuma yetu, na kati yangu na yeye kulikuwa na ubavu mwembamba wa gogo tu.

Tata aliugeuza mtumbwi polepole. Nestori alimpachika chura kwenye ndoana, akamtupa taratibu ukingoni mwa mafunjo, mahali maji yalipokuwa yakitoa mapovu. Mwisho wa mshipi ulifungwa kwenye tundu la omo, ncha ya mbele ya mtumbwi. Uliobaki ulikunjwa miguuni pa Nestori. Tukangoja. Inzi walinitambaa usoni na sikuthubutu kuwafukuza. Mshipi ukasogea kidogo, ukatulia, ukasogea tena, kisha mafunjo yote yakatikisika kama mtu ameyashika shinani.

Nestori alivuta. Nilimwona samaki mara moja, ubavu wa kijivu wenye madoa, mnene kama paja la mtu, akajipindua na kuzama. Mshipi ukakimbia. Ule uliokunjwa ukainuka kutoka miguuni, na duara moja likamnasa Nestori kifundo. Hakupiga kelele. Alikuwa mbele yangu, kisha hakuwapo, na mtumbwi ukaruka kama umepigwa teke.

Mafunjo ya ziwa lile hayaoti ardhini. Yanaelea, yamesukana mizizi, na chini yake kuna maji tu. Samaki alikimbilia huko na Nestori akaenda naye. Juu ya maji hapakubaki kitu ila mshipi, umenyooka kutoka omoni hadi chini ya yale majani, ukitetemeka.

"Tata!" nilipiga kelele. "Tata, vuta!"

Tata aliutupa upondo mtumbwini na kunivuka. Akapiga magoti omoni. Kisha akasimamisha mikono yake juu ya mshipi bila kuugusa. Mshipi ule ulikuwa unang'aa ute wa yule samaki. Akatazama kiganja kimoja, halafu cha pili, kama mtu anayeaga. Sijui alikaa hivyo kwa muda gani, na sitataja muda nisioujua. Kwangu ulikuwa mrefu kiasi cha kumchukia.

Akashika.

Alivuta hadi mshipi ukamchana viganja. Kwanza uliibuka unyayo wa Nestori, mweupe, halafu goti, halafu yeye mzima, amejaa mizizi mdomoni. Tata alimkamata suruali na kumning'iniza ubavuni mwa mtumbwi. Nestori alitapika maji, akavuta pumzi, na pumzi ile ilikuwa sawasawa na ile ya kwanza. Haaa. Tata akachomoa kisu ili akate mshipi.

"Usikate!" Nestori alikohoa. "Usikate, mjinga wewe! Huyo ni ndama!"

Tata akarudisha kisu. Mikono ilikuwa imekwisha kuharibika. Alimnasua Nestori mguu, akaendelea kuvuta, sasa kwa hasira, akamkumbatia yule samaki kifuani na kumwangusha ndani. Alikuwa karibu urefu wangu. Alijinyonganyonga akinijia huku amefungua kinywa, nami sikuwa na kitu ila kopo. Nilimsukumizia usoni. Alilibana, bati likalia, na alipoliachia lilikuwa limebonyea pande zote mbili. Nikaushika upondo kwa mikono miwili nikampiga kichwani mpaka akatulia. Mkia wake ulikuwa umenipiga mguuni na kuniachia ute.

Tulimtia kwenye gunia. Hakuwa amekufa. Njia nzima ya kupanda kilima, mgongoni kwa Nestori, gunia lilipumua.

Kwenye njia panda Tata alisimama. "Nenda nyumbani. Mwambie mama yako nimeshika. Kihogo utamkamua wewe."

"Mimi?"

Kwetu wasichana hawakukamua. Lakini alinifundisha palepale njiani, bila kunigusa, akisimama hatua kadhaa mbali nami, vidole vyake vyenye damu vikifunga hewani kutoka juu kwenda chini. Kimoja, cha pili, cha tatu. "Usivute. Bana." Kisha akageuka akamfuata Nestori ng'ambo ya bonde.

Nyumbani Bibi alishika kichwa. "Msichana akamue! Tangu lini?"

"Basi akamue nani?" Mama aliuliza, Deo akilia mgongoni mwake. "Padri?"

Mimi nilikuwa nimejisugua kwa mchanga tangu ziwani, na kwa majivu uani, lakini niliona ni lazima niseme. "Mama, yule wa ziwani alinigusa mguuni."

Mama aliutazama mguu wangu kwa makini. "Mguu haukamui," akasema, akanipa kyanzi, chombo chetu cha mti cha kukamulia, kikiwa bado na joto na harufu ya moshi wa nyasi za kukisafishia.

Niliingia zizini. Ndama alishindwa kusimama vizuri, Mama akamshikilia anyonye kidogo, nami nikachuchumaa chini ya tumbo lile kubwa. Nilibana kama nilivyofundishwa njiani. Na Kihogo, labda kwa kushangaa vidole vidogo, akashusha pumzi ndefu. Haaa. Nusura nidondoshe chombo. Nilijua kwa hakika kabisa kwamba yule wa ziwani amenifuata na sasa yuko ndani ya ng'ombe.

Nestori alimuuza samaki mchana uleule kwa wachuuzi waliokuwa wakipita na gari, na yeye mwenyewe akampelekea bwana mifugo fedha ya sindano. Jioni ndama alichomwa sindano. Bwana mifugo akasema tungoje.

Siku zile za kungoja, Tata alilala kwa Nestori, akila ndizi bila maziwa katika nyumba iliyonuka kile asichoweza kukitaja. Kila asubuhi alikuja kusimama ukingoni mwa bonde, upande wa pili, akaita kwa sauti ambayo kijiji kizima kilisikia:

"Konso! Maziwa yana rangi gani?"

"Meupe!"

"Umetazama vizuri?"

"Meupe, Tata!"

Basi. Hakuuliza kama ndama amesimama, ingawa siku ya pili alisimama. Hakuuliza kama vidole vyangu vinauma. Nilikasirika. Nilimwona mtu mgumu, aliyechelewa kumwokoa jirani kwa sababu ya kumwogopa samaki, na sasa anauliza rangi.

Miaka mingi baadaye, katika kitabu cha viumbe nilichokinunua mnadani kikiwa hakina jalada, nilisoma kwamba kamongo ana mapafu, lazima aje juu kuvuta hewa, na akizuiwa hufa maji. Hapakuwa na pumzi ya mzimu pale. Nilisoma pia kinachovimbisha kiwele na kutia damu kwenye maziwa, na si samaki. Nilifurahi kujua. Lakini kujua huko kulinifanya nimwelewe Tata vibaya kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa nilifikiri alihangaika bure kwa jambo lisilo na hatari.

Sikuwa nimejiuliza jambo moja jepesi: yeye aliamini nini, pale omoni? Aliamini kwamba akishika, Kihogo atakufa. Na Kihogo akifa, hakuna wa kumlisha Deo. Hakuwa anamwogopa samaki. Alikuwa ameshika mizani ambayo mimi sikuiona, upande mmoja mtu aliyekuwa chini ya mafunjo, upande wa pili mwanawe mwenyewe. Akashika mshipi akiamini gharama yake yote. Kila asubuhi alipoita kutoka ng'ambo, alikuwa akingoja niseme kwamba maziwa ni mekundu.

Siku ya tano alirudi. Aliosha mikono mlangoni, akaingia zizini moja kwa moja, akakaa chini ya Kihogo, akakamua mwenyewe na kuyatazama maziwa kwa muda mrefu. Kisha akampa Deo.

Samaki aliuzwa shilingi mia saba na ishirini. Sindano ilikuwa mia sita na themanini. Zilizobaki, Nestori alikuwa ameziweka juu ya jiwe kwenye uzio wetu tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyezigusa, kwa sababu Tata alisema kutoka ng'ambo kwamba nazo pia zimemshika samaki. Tata akazichukua jioni hiyo ya siku ya tano, shilingi arobaini.