Ukurasa Aliouvuta Babu

Kitabu changu cha majedwali ya hesabu nilikirithi kwa kaka yangu, na ukurasa wa antilogi haukuwamo. Babu aliusokotea tumbaku, akauvuta nyuma ya zizi. Alisema karatasi nyepesi haikwaruzi koo.

Basi kwenye mtihani wa kidato cha nne nilikwama. Kuzidisha kwa logi nilikujua: unatafuta logi ya kila namba, unajumlisha, halafu ukurasa wa antilogi unakurudisha kwenye namba ya kawaida. Nilijumlisha vizuri. Kurudi ndiko kulikonishinda. Maswali yote ya logi niliyaacha nusu, nikafeli hesabu, na chuo nilichokitaka hakikunipokea. Nikarudi Bariadi kupalilia pamba ya baba, na ndipo nilipo hadi leo. Babu nilimchukia mpaka tukamzika.

Wiki iliyopita nilimkuta binti yangu, yuko kidato cha pili, anatafuta antilogi kwenye ukurasa wa logi. Nikamfokea kwamba amekosea ukurasa.

"Hapana, baba, huu huu unatosha," alisema. "Unaitafuta logi yako humu katikati, halafu unasoma namba yake huku pembeni. Ni kulisoma jedwali kinyumenyume tu."

Nikamnyang'anya kitabu, nikajaribu mwenyewe mara tatu. Jibu likatoka sahihi mara zote tatu.

Ukurasa wa logi babu hakuugusa. Siku ile ya mtihani ulikuwa mbele yangu, nimeuegemezea kiwiko.