Nilivyomficha Robi Watu wa Bima Wasimjue

Ninyi mnaokaa nami kwenye benchi la kliniki ya kisukari mmeniomba niseme. Basi nasema kama ilivyokuwa.

Naitwa Bhoke, mkulima wa Mbalibali. Zamani nililima mihogo na mtama kutwa nzima, na jioni bado nilikuwa na nguvu za kusaga. Sikuzaa mtoto wa kiume. Kwa desturi yetu Wakurya nikatoa ng'ombe, nikamwoa Robi awe mke wa nyumba yangu na watoto wake wawe wangu. Mwanamke kumwoa mwanamke hivyo tunaita nyumba ntobhu, na sioni aibu.

Siku ya kujiandikisha bima, karani aliuliza Robi ni nani wangu. Niliogopa bima haimtambui mke wa mwanamke, nikasema mkwe. Mumewe nani? Nikasema Marwa, mwanangu. Marwa hajawahi kuzaliwa.

Ugonjwa ulianza kwa kiu na kukojoa kila mara, kisha miguu ikafa ganzi. Mwiba ukanichoma unyayoni nisijue. Kidonda kikachimba.

Hapo hospitali na watu wa bima wakaungana, wawe wanatufuata nyumbani sisi wazee wenye vidonda. Nikajiuliza, hawa tangu lini wanapanda pikipiki moja? Nesi amekuja kuosha kidonda, sawa. Huyu wa bima mwenye faili amekuja kuosha nini? Nikajua wanamtafuta Marwa. Nikamwambia Robi aende shambani mpaka waondoke.

"Shikamoo mama," nesi akasema. "Nani anakusaidia hapa?"

"Marahaba. Niko peke yangu."

Mwenye faili akaandika. Nesi akanifundisha kuosha na kufunga kidonda, lakini unyayo wangu mimi siuoni, na mgongo haukunjiki. Robi nilimkataza asiguse, maana kitambaa kikifungwa vizuri wangejua nina mtu.

Usaha ukaanza kutoka. Vidole viwili vikawa vyeusi, na harufu ikanikatisha hamu ya kula. Waliporudi, Robi aligoma kwenda shambani.

"Mama, unaoza huku nakuangalia," akasema. Akasimama mlangoni, akawaambia, "Mimi ni mke wake. Huyo Marwa hayupo."

Nikangoja tufutwe kwenye bima. Mwenye faili akasema, "Mama, tuliuliza ili nesi apate mtu wa kumfundisha. Hayo mengine yanarekebishwa." Sikumwamini. Nilimwambia Robi aisome karatasi yao ya marekebisho mara tatu kabla sijaweka dole gumba. Lakini huyo wa faili na nesi walipiga simu hospitali palepale, na nilipofika hospitali kitanda kilikuwa tayari.

Daktari akaniambia, "Vidole viwili vinaondoka. Mguu tutajaribu kuuokoa."

Mguu umebaki. Robi anauosha kila asubuhi, na natembea mpaka kisimani.

Namshukuru Mungu, nesi, daktari, na hata yule wa faili, ingawa akija bado namtazama mikono. Kuwashuku, washukuni. Ila mtu anayewahudumia nyumbani, mtajeni. Mimi nilimkana Robi mbele ya wageni, akiwa ndiye mwenye macho ya kuuona unyayo wangu. Hajawahi kunilaumu hata siku moja, na hilo linaniuma kuliko vidole.