Picha Iliyotokea Chumba cha Mbele

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Mke wangu husema naogopa hata mvua ambayo haijakusanya mawingu, na hasemi uongo. Nilipounganisha kompyuta zetu mbili kuukuu kwa waya, niliwaza radi tu: ikipiga bati, si itapita humo ituunguze sote?

Kompyuta yake ilikuwa chumba cha mbele, alikowapigia chapa wanafunzi wa chuo kazi zao. Yangu, nzee zaidi, yenye kunguruma kabla ya kuwaka, ilikuwa chumba cha nyuma, nilikoandalia mitihani ya shule ninayofundisha. Kila moja ilikuwa na printa yake, ya mbele ya rangi, ya nyuma ya wino mweusi tu. Nilipitisha waya chini ya dari, nikazielekeza kompyuta zote zitumie printa zote. Ukiwa nyuma ukabonyeza bila kuchagua, karatasi ilitokea mbele. Niliipanga hivyo makusudi, maana nilipenda kumshtua mke wangu kwa salamu zinazojitokeza zenyewe.

"Weye nawe," alinicheka siku ya kwanza. "Toka kule, kuya useme na kinywa."

Alasiri moja umeme wa mji ulikuwa umekatika, kama kawaida, lakini sisi tulikuwa na paneli ya jua juu ya bati. Mdogo wake mke wangu akaingia kwa mlango wa uani, macho mekundu, simu mkononi.

"Shemeki," alisema kwa sauti ya chini, "mama alikufa asubuhi, kule Bukama. Usimuambie yaya. Bazee banakuya."

Nilielewa kwa nini dada yake asiambiwe kabla wazee hawajakuja. Kwetu mtu haambiwi kifo cha mama yake na mdomo mmoja. Wazee wa ukoo huja, hukaa, husalimu kwa kirefu, na wanawake wawili watatu husogea karibu naye ili wamshike. Ndipo mjomba husema. Anayezisikia habari hizo akiwa peke yake, watu humhurumia mara mbili, kwa kuwa amefiwa na hakuwa na wa kuangukia.

Na mke wangu alikuwa pale mbele, ukuta mmoja tu kati yetu, akimcheka mteja fulani. Nilimpenda sana mama mkwe. Lakini ukweli ni kwamba saa ile sikumlilia yeye. Niliogopa uso wangu. Mke wangu huusoma kama tangazo la kanisani.

Shemeji alitaka picha ya mama, iliyopigwa Noeli, itolewe kubwa ya kuwekwa mezani kwenye kilio. Mtaa mzima haukuwa na umeme. Nikamwambia tutaitoa hapa hapa nyuma, kwa wino mweusi, aondoke nayo kimya. Tukaunganisha simu na kompyuta. Picha ikafunguka pole pole, kwanza kitambaa cha kichwa, kisha paji la uso. Nikainama kutia karatasi kwenye printa.

"Ngoja," nikasema, "nichague imprimante ya huku."

Hakungoja. Alikuwa amekwisha kubonyeza.

Printa ya pembeni yangu ikanyamaza. Nikasikia ya mbele ikikohoa, vile ikohoavyo kabla ya kumeza karatasi.

Nikachomoa waya ukutani. Bure, picha ilikuwa imekwisha kufika kwenye kompyuta yake, na maji yakimwagika hayazoleki. Nikatoka mbio, nikajigonga kwenye mlango, nikaingia mbele nikihema.

Mteja alikuwa amekwenda. Mke wangu alisimama peke yake mbele ya printa, akiishika karatasi kwa ncha za vidole kwa sababu wino ulikuwa bado mbichi. Mama yake alikuwa amekwisha kutoka mpaka mabegani, akicheka.

"Kumbe ni mama," alisema bila kunitazama. "Umemufanya mukubwa hivi! Akiiona, atafurahi."

Kichwa changu kikakubali chenyewe. Nilitaka kusema, nikataka kukimbia.

"Tafuta musumari," akasema. "Tumutundike pale."

Nikatafuta msumari. Kule nyuma shemeji alikuwa ameuma kola ya shati lake asitoe sauti. Nikapanda kiti, nikagonga, nikajigonga kidole, nikagonga tena. Kila nilipogeuka, nilimkuta amesimama nyuma yangu akiniambia picha imeinama upande. Nilikuwa bado juu ya kiti hodi ilipopigwa.

Waliingia wazee, na wanawake nyuma yao. Mjomba aliiona picha ukutani, akanitazama kwa jicho kali lililouliza ni nani aliyesema. Niliangalia chini. Mke wangu akaleta viti, akaleta maji, akasikiliza salamu zote mpaka mwisho. Mjomba aliposema, mke wangu alipiga ukelele mmoja na wanawake wakamdaka. Namshukuru Mungu, nilijiambia, hakuwa anajua.

Tulizika Bukama. Baada ya kurudi, tulikuwa tumekaa chumba cha mbele, ananisaidia kuweka alama za mitihani, akasema bila kuinua macho:

"Ile siku ulikuya mbio. Weye haukimbiaka mu nyumba."

Nikaiweka kalamu chini.

"Nilijua wakati macho ya mama ilitoka mu imprimante," akasema. "Picha kubwa vile ni ya kilio."

"Sasa musumari ilikuwa ya nini?" nikauliza.

"Niliogopa utasema. Nikakupatia kazi ya mikono." Akaitazama picha, ambayo mpaka leo imeinama upande. "Kabla ya bazee kufika, mama alikuwa angali muzima kidogo."