Vitenge na Klorini, Kituku

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Bunagana, mpakani, katika kituo kidogo cha afya. Kabla sijaketi, muuguzi titulaire, yaani msimamizi wa kituo, alinitwika sanduku la baridi la chanjo.

"Mama, diplome yako iache ku meza," aliniambia. "Kule mulimani banajua muke wa pasta, wewe habakujui. Anza kwake."

Nilinuna, maana nilikuwa nimetoka shule juzi tu na nilijiona mkubwa. Hata hivyo nilikwenda, na mke wa pasta akanikusanyia watoto wa mlima mzima kabla jua halijawa kali.

Baadaye nilihamishiwa Goma, nikapanda hadi kuwa muuguzi msimamizi wa zone, yaani wilaya nzima ya afya. Waasi waliuteka mji, wakubwa wa mji wakabadilika, sisi tukaendelea kupima watoto. Halafu volkano ikashuka. Lava ilipita katikati ya mji, ikakata mabomba, na kila mwenye kiu akaelekea ziwani na bidoni yake, dumu la plastiki. Kipindupindu nacho hakingoji mwaliko.

Muganga Mkuu wa zone, daktari aliyeongoza vituo vyetu vyote, alipata fedha za umma za kupambana nacho. Hakutaka ziishie ofisini. Walioumia zaidi walikuwa waliokimbia vita Masisi, watu wasiofika hospitali mpaka wabebwe. Basi akatoa ruzuku kwa vikundi vya parokia, vya makanisa na vya msikiti, kila kimoja na kipande chake cha ufuo. Kipande cha Kituku kiliwaangukia akina mama wa msikiti. Kiongozi wao, Mama Mwamini, alikuwa wa familia ya Maniema, mwanamke wa vicheko vingi na sauti ya kusikika ng'ambo ya ziwa. Kazi haikuwa ngumu: mtu akishachota, anasimama, mama anavuta klorini kwa bomba la sindano na kuitia kwenye bidoni. Bure kabisa.

Lakini kwetu chama bila sare si chama. Kabla ya bidoni ya kwanza kutiwa dawa, vikundi vilikuwa vimekwisha kushona vitenge kwa sehemu ya ruzuku. Mhasibu alinung'unika, Muganga Mkuu akacheka.

"Acha bashone! Batu bakikosa kuona feza ya leta, ya serikali, inafanya nini, batasema tumeikula."

Kituku iling'aa kwa kijani. Hata mimi niliona fahari.

Ajabu ni kwamba kwa watu wa Masisi ugonjwa ulizidi. Asubuhi moja nilikwenda kusimama ufuoni. Nikawaona wanawake wao wakichota, wakiinamisha macho na kupita. Nilimfuata mmoja, Mama Bahati, mwenye mtoto wake Bahati mgongoni.

"Mama, juu ya nini unapitaka tu? Dawa si ile pale?"

"Ile ni ya benyewe."

"Benyewe nani?"

"Bale ba kikwembe, kitenge kile. Haubaone banavaa kimoja? Miye habakunialika."

Kwetu, harusini, walioshona kitenge cha familia ndio wanaokaa mbele na kupakuliwa kwanza. Asiye nacho hasogelei sahani, labda awe hana haya. Mama huyu alilelewa vizuri. Dini ya mtu haikumtisha. Aliona aibu kudoea.

Nilimshika mkono nikamrudisha, na Mama Mwamini akamtilia dawa huku akimwomba radhi. Tulikuwa tumechelewa. Kesho yake mtoto, Bahati, aliharisha maji kama ya kuoshea mchele. Tulimkimbiza kwenye kituo cha kipindupindu, tukamtundikia maji, lakini hakuvuka; alifariki. Nililia mbele ya wagonjwa, na muuguzi hafundishwi hivyo.

Nilikwenda kwa Muganga Mkuu pamoja na Mama Mwamini. Nilisema vile vitenge viondolewe ufuoni siku hiyo hiyo.

"Mama Superviseur," aliniambia, "utabavua bamama ba batu nguo?"

Mama Mwamini akanitangulia kujibu. "Hakuna wa kutuvua, docteur. Tutazitosha, tutazivua siye benyewe. Sasa tunaenda ku kilio."

Walikwenda na nguo zao za jikoni. Waliketi chini na wanawake wa Masisi, wakapika, wakatia klorini kwenye maji ya msiba mbele ya wote, wakanywa wa kwanza.

"Hii dawa haina kanisa, haina musikiti," Mama Mwamini aliwaambia. "Mwenye bidoni, njo mwenyewe."

Kesho yake wanawake wa Masisi walipanga mstari ufuoni. Muganga Mkuu alifuta sare kwenye ruzuku, akaagiza kila kituo cha kutilia dawa kiwe na mama mmoja wa waliokimbia vita.

Sasa nimestaafu. Waasi wameondoka na kurudi, volkano imeshuka tena, Mugunga, nje ya mji, imejaa mahema ya waliokimbia vita mara nisizokumbuka. Madaktari vijana huja kuniuliza kama fedha za umma zipewe watu wa dini na vyama vya mtaani. Nawajibu zipewe, maana ofisi haijui kuketi chini msibani. Ila mnapogawa, simameni pale, mtazame ni nani anayepita.

Wanapenda niseme mpango ulifaulu. Ugonjwa ulipungua, ni kweli. Lakini dawa ile ilikuwa imekwisha kulipiwa, ilikuwa hatua chache kutoka kwa mama yule, naye kila asubuhi alipita kwa adabu zake, Bahati mgongoni. Mtoto alikuwa ameanza tu kusimama dede.